Nilifundisha Pai Mbili, Nikamnyamazisha Aliyejua Moja

Bi Kaltum mpendwa,

Naomba msaada wako nikijua kwamba wengi wanaokuandikia wana waume waliopotea njia na mawifi wasio na haya, na mimi shida yangu ni ya hesabu, lakini tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu imeninyima raha wiki ya tano sasa na sina wa kumwambia ila mtu asiyenijua.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nina miaka thelathini na mmoja, nyumbani kwetu ni upande wa Rangwe lakini nafundisha shule moja ya kutwa huku Migori, kwa Wakuria, na nimefundisha miaka saba bila mtu kunilalamikia, watoto wananiogopa kidogo na kunipenda kidogo, nami nilidhani ndivyo inavyotakiwa. Muhula huu nilifika na Kidato cha Tatu kwenye lile somo la duara la kizio, yaani duara ambalo urefu kutoka katikati hadi ukingoni ni moja kamili, na hapo ndipo wanafunzi huambiwa kwa mara ya kwanza kwamba pembe waliyozoea kuipima kwa digrii inaweza kupimwa pia kwa radiani. Bi Kaltum, nitasema ukweli. Radiani mimi sikuwahi kuielewa. Nilipokuwa mwanafunzi nilikariri kwamba pai ni mia na themanini, nikapita mtihani kwa hiyo, chuoni nikapita tena kwa hiyo hiyo, na kila mwaka nimekuwa nikiiandika ubaoni hivyo na kuwaambia watoto wazidishe, wagawanye, tuendelee.

Sasa mwaka huu nina msichana, nimwite Joyline, ambaye hunyoosha mkono hata kabla hujamaliza sentensi. Aliniuliza, "Madam, mbona Form Two pai ilikuwa tatu na kitu, na sahii ni mia na themanini? Gani ndio ya ukweli?" Darasa zima likanitazama, na mimi badala ya kusema nitaangalia nikajibu kwa sauti kubwa kwamba hiyo ni pai nyingine, kuna pai ya duara na kuna pai ya pembe, wasizichanganye. Niliizua pale pale, chaki ikiwa mkononi, na wengine wakaiandika kwenye madaftari yao na kuipigia mstari.

Joyline hakuandika. Alisimama akasema babu yake hujenga majiko ya msonge, zile nyumba za duara za kupikia, na vile vibanda vya duara vya hotelini, na akitaka kupiga msingi anachomeka kigingi katikati, anafunga kamba, anazunguka nayo kuchora duara, kisha kamba ile ile anaifungua na kuilaza juu ya ule mstari aliochora, na kila inapoishia anachimbia nguzo. Akasema ziwe nyumba kubwa au ndogo, kamba huingia mara sita na kubaki kipande, na pale penye kile kipande ndipo babu huacha mlango. Kwa hiyo nusu duara ni kamba tatu na kitu kidogo. "Si hiyo ndio pai, Madam? Na babu ana jina lake ya hicho kipande, anaita..." Sikumwacha amalize. Nilimwambia hapa tunafanya hesabu, hatujengi jiko, akae chini. Darasa likacheka, na tangu siku hiyo wanamwita Kamba.

Ningeishia hapo ningekuwa na dhambi moja. Lakini kwenye jaribio la mwisho wa mwezi niliuliza radiani mbili ni digrii ngapi, naye akachora duara, akagawanya mia tatu na sitini kwa kamba sita nukta mbili nane, akapata hamsini na saba na kitu kwa kamba moja, akazidisha kwa mbili. Jibu lilikuwa sawa na langu mpaka nukta. Nikampa sifuri kwa sababu njia haikuwa yangu, na alipokuja kuniuliza nikaona ananipinga, nikamwambia aje na mzazi.

Alikuja na yule babu, Mzee Maroa, amevaa koti na kamba yake ameikunja vizuri mfukoni, nafikiri alidhani nimemwita ili anionyeshe. Nilimweleza mbele ya walimu wenzangu kwamba mtoto analeta mambo ya nyumbani darasani na yatamfelisha mtihani. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwalimu, mimi shule niliacha darasa la pili. Kama nimeharibu mtoto, unisamehe. Sitamwonyesha tena." Akainuka akaenda.

Wiki mbili baadaye tukaitwa semina ya walimu huko Homa Bay. Mwezeshaji, Bwana Gichana, akauliza radiani moja ni nini, nikawa wa kwanza kujibu, nikasema ni mia na themanini ukigawanya kwa pai. Akasema hiyo ni namna ya kuitafuta, yeye anauliza ni nini. Hakuna aliyejua, Bi Kaltum, chumba kizima. Akachukua uzi na chaki, akachora duara sakafuni, akaulaza uzi ule ule ukingoni, akasema pembe inayofunguka kule katikati ndiyo radiani moja. Akasema nusu duara ni nyuzi tatu na kipande, na nusu duara hiyo hiyo ni digrii mia na themanini, ni safari moja imepimwa kwa vipimo viwili, kama vile kilo moja ni gramu elfu moja lakini hakuna mtu mwenye akili anayesema kwamba moja ni elfu moja. Na uzi ukiwa na urefu wa moja, akasema, basi umbali uliotembea ukingoni ndio pembe yenyewe, na popote utakaposimama, kimo chako kutoka kwenye mstari uliolala ukipita katikati ndiyo saini ya pembe hiyo, na umbali wako kwenda kando kutoka katikati ndiyo kosaini. Walimu wakapiga makofi. Mimi nilitoka nikaenda chooni nikalia.

Sasa Joyline hanyooshi mkono tena. Ananakili ubao, pai ni mia na themanini, kwa mwandiko mzuri. Huyu mtoto alitaka kuwa mpimaji wa ardhi. Mama yake amenieleza kwamba Jumamosi zote alikuwa akienda kazini na babu yake kushika kigingi, na siku hizi mzee anaondoka peke yake, na mtoto akiulizwa anasema hesabu si ya watu wetu. Mwalimu mwenzangu Oliver ananiambia niache, nifundishe tu vizuri mwakani, kwamba ukianza kuwaomba watoto msamaha watakupanda kichwani na masomo yataisha. Na kuna wale wa miaka sita iliyopita niliowapa pai mbili wakaenda nazo. Nikikiri, nitasimamaje tena mbele ya darasa? Nisipokiri, nitamtazamaje yule mtoto? Nisaidie.

Mwalimu wa Pai Mbili,
Migori

*

Mwalimu wangu,

Uliniomba nisicheke kabla ya mwisho na nikashindwa pale penye pai nyingine. Nisamehe. Nilipofika kwa mzee na koti lake kicheko kilikatika.

Mimi nauza vitambaa hapa mjini Homa Bay, hesabu yangu ni ya mita na futi, lakini hili la kamba umemletea mtu anayelijua kwa mikono. Tunashona vitambaa vya meza za duara na kuvizungushia lesi. Mwaka nilioanza kazi nilipima kutoka katikati ya kitambaa hadi ukingoni, nikakata lesi ya urefu huo mara sita, nikajiona hodari. Mteja wangu mmoja wa Rangwe, Priscah, akakirudisha: lesi haikukutana, imeacha uwazi wa kiganja. Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia kitambaa chake kimetanuka kwa kufuliwa. Kilikuwa hakijafuliwa hata mara moja. Kwa hiyo usidhani nakukemea nikiwa juu ya mlima. Uongo wa kuzua pale pale naujua, unatoka mdomoni kabla ya haya kufika. Tangu siku ile nakata mara sita na kuongeza kidogo zaidi ya robo, na nimekuwa nikidhani ni siri ya mafundi wa nguo. Barua yako imenifundisha kwamba Mzee Maroa anayo, na duara lilikuwa nayo kabla yetu sote.

Na hapo ndipo nataka ukae ufikiri, maana naona umelia kwa sababu hukujua radiani, na hilo si la kulia. Kutojua kuna dawa, umeipata kwa chaki na uzi. Hizi digrii mia tatu na sitini ni watu waliokaa wakakubaliana, kama tulivyokubaliana siku ya soko. Wangekubaliana mia nne, duara lisingelalamika. Lakini kamba sita na kipande hakuna kikao kilichoziamua. Mtu yeyote, popote, akichomeka kigingi na kulaza kamba, atazikuta. Wewe ulimwambia mtoto kwamba alichokikuta kwao ni cha jikoni na hesabu iko kwingine. Ndiyo maana leo anasema si ya watu wetu. Neno hilo si lake, mwanangu, wewe ndiye uliyemfundisha, na yeye ni mwanafunzi mzuri, amelishika.

Huyu Oliver mpe salamu zangu. Mwambie watoto hawampandi kichwani mwalimu anayekiri. Wanampanda yule wanayejua amedanganya, na hao wanafunzi wako wamejua tangu siku ile ulipopandisha sauti. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Wewe umevuliwa, na bado umesimama wima unaniuliza utasimamaje.

Sasa sikiliza. Usianze na darasa, kwa sababu darasani utaomba msamaha kwa jumla, watoto watapiga makofi, utajisikia vizuri na mzee atabaki nyumbani na ahadi yake. Aliyoitoa mbele ya walimu ni ahadi, na watu wa namna yake hawavunji ahadi kwa sababu mwalimu amebadilisha mawazo. Lazima wewe mwenyewe uende ukamwondolee. Jumamosi hii nenda kwake asubuhi, kabla hajaondoka kwenda kazini. Sukari peleka kama desturi, lakini usiitumie kusema maneno unayotakiwa kusema kwa mdomo. Mwambie hivi: mzee, ulikuwa sawa, mtoto alikuwa sawa, mimi ndiye sikujua, na nilikuaibisha mbele ya watu kwa kitu ulichokijua kuliko mimi. Usiongeze "lakini". Najua walimu mnapenda lakini.

Beba na ile karatasi ya jaribio na kalamu nyekundu. Ile sifuri ikate pale pale, Joyline akiwa hapo na babu yake anaona, uweke alama zake zote. Mtoto wa shule haamini machozi ya mwalimu, anaamini wino mwekundu. Kisha kama mzee ana msingi wa kupiga siku hiyo, mwombe uende nao ukashike kigingi. Utasimama katikati, hutasema kitu, na wengine ndio watakaozunguka.

Jumatatu ndiyo zamu ya darasa. Useme kwa sauti ile ile uliyotumia kusema pai nyingine, si kwa kunong'ona. Waambie pai ni moja, waikate ile ya uongo kwenye madaftari. Halafu watoe nje uwanjani, na Mzee Maroa akikubali kuja awe mbele, wewe kando. Achore duara lake, alaze kamba yake. Kamba ya kwanza ikiishia, waulize wamefungua pembe gani, wataje kwa radiani, wataje kwa digrii. Kisha mmoja asimame ukingoni na wengine wapime kwa kamba hiyo hiyo umbali wake kutoka kwenye mstari unaopita katikati, wapate saini. Hakuna hata mmoja atakayesahau. Na waambie jina la Kamba sasa ni la heshima, au liachwe. Joyline mwenyewe ndiye achague.

Hutarudishiwa yote. Huenda huyo mtoto akakaa muhula mzima bila kunyoosha mkono, akikupima kama wewe ni wa kuaminika. Ana haki hiyo, usimharakishe. Na wale wa miaka sita huwezi kuwakusanya, wamekwisha kutawanyika na pai zao mbili, wengine wapo Sori kule ziwani wanauza samaki na hawakumbuki hata moja. Ukikutana na mmoja njiani mwambie. Usipokutana naye, fundisha aliye mbele yako.

Kuna jambo moja limenikera katika barua yako kuliko hata ile sifuri. Umeniandikia kila kitu, koti la mzee, uzi wa Bwana Gichana, maneno ya Oliver. Lakini Joyline alikuwa anakutajia jina ambalo babu yake hukiita kile kipande kinachobaki, ukamkatiza, na wiki tano zimepita hujalitafuta. Mimi nimekata lesi miaka kumi na tisa na kipande changu hakina jina. Ukishakata ile sifuri, kabla hujanyanyuka hapo kwa mzee, mgeukie mtoto umwambie: siku ile sikukuacha umalize. Kinaitwaje?

Kisha nyamaza, umwache amalize.

Bi Kaltum