Sauti ya Pili Kwenye Mazoezi

"Mwambie mumeo apunguze sauti!"

Shoga, huyo ni fundi cherehani aliyehamia chini juzi, anamfokea yule mjane mwigizaji mlangoni kwake!

Mjane kacheka kwa hasira. "Mume gani? Nafanya mazoezi ya igizo peke yangu. Nasema maneno yangu, nanyamaza pale mwenzangu anapotakiwa kujibu."

"Sasa mbona ulikuwa unajibiwa?"

Unajibiwa, shoga! Majirani wote tuliokuwa kwenye ngazi tukasogea karibu.

"Alisema nini?" mjane akauliza.

"Alisema, 'Usiharakishe, kinda langu.'"

Mjane akashika fremu ya mlango. Maneno hayo hayamo kwenye igizo. Marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akimwambia hivyo kila akimsikiliza mazoezi.

Akafungua mlango wote.

"Ingia, fundi. Chakula kiko mezani. Kula taratibu, unieleze yote aliyosema."