Cherehani Iliyohamia Chumbani

Basi ile cherehani niliyokudokezea katika barua ya kwanza, mpendwa mshauri, mimi ndiye niliyeihamishia chumbani, wiki ya pili tu ya ndoa, kwa sababu nilimpenda mume wangu hadi kumwacha aende kazini niliona kama kunyang'anywa, naye, huyo mume wangu fundi cherehani, mwenye macho yale ya upole, alikubali, akawaaga mafundi wenzake wanne wa kibarazani waliokuwa wakitaniana naye kutwa, wakimwita Pasi Baridi kwa kuwa hakasiriki, nami nikafurahi jamani, nikamtandikia zulia chini ya miguu, nikawa nashona vifungo ubavuni pake nikijiona malkia, na wenzake walipokuja kumjulia hali niliwaambia mlangoni kwamba amelala, ili tubaki wawili, mwisho wakaacha kuja. Sasa ni mwezi wa tano. Mguu wake uko juu ya kanyagio lakini hausukumi, sketi moja ya shule ameifumua na kuishona wiki nzima, chakula hagusi, haogi mpaka nimbembeleze, na mama mkwe anasema mwanaume hana huzuni, ana uvivu. Jana nilimkumbatia, akaniambia taratibu, "Mke wangu, mimi nilishakufa, mmechelewa tu kuzika." Bado nampenda mpaka naumwa. Naomba msaada, nimemfanya nini?

*

Pole, mwanangu. Ulitaka mume, ukajipatia mfungwa mpole. Utani wa wale wanne ulikuwa ukimshikilia, nawe ukaufungia mlango kwa uongo. Lakini usijibebeshe yote: huzuni ya namna hii ni maradhi, yana mizizi mingi, pengine yalikuwepo kabla yako, upweke ukayamwagilia maji.

Maneno aliyokuambia si ya kujibiwa kwa kumkumbatia tu. Leo hii muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo haliui. Usimwache peke yake, ondoa mikasi na nyembe, mpeleke hospitali, umwambie daktari maneno yale kama yalivyo. Mama mkwe mwamkie kwanza, kisha mwambie kwa adabu kwamba mvivu hafumui sketi moja wiki nzima.

Halafu nenda kibarazani ukaombe radhi. Waje wao kwanza, wakae naye hata akinyamaza; cherehani itafuata akiweza. Siwezi kukuahidi kwamba atacheka.

Anwani yenu ninayo, na nina gauni linalonibana kwapani. Kabla mwezi haujaisha nitalileta mwenyewe. Nikimkuta kibarazani, nitampa alipanue. Nikimkuta chumbani, nitavuta kigoda, nikae.