Stendi ya Pikipiki ya Baba

Hamar, Oktoba

Kaka Eivind,

Sisi tupo, ila Baba atanitia wazimu. Theluji inakaribia, na pikipiki yake bado imeegemea ukuta wa gereji kwa kukosa stendi ya kuinua matairi mpaka baridi iishe. Kila ninayomletea anaikataa. Hii nyembamba, ile inashika gurudumu la nyuma tu. Muuzaji akiniona anacheka.

Jana nilimletea ile nzito wanayotumia mafundi.

“Kanyaga mpini wake wewe, uinue pikipiki,” akasema.

Nikakanyaga kwa nguvu zote, haikusogea.

“Irudishe.”

“Baba, pikipiki ni yako. Mimi ya nini?”

“Nataka stendi utakayoweza kuishusha peke yako baridi ikiisha.”

Nikamuuliza yeye atakuwa wapi. Akafuta tangi kwanza, kisha akaniambia waliyomwambia hospitali tangu kiangazi: ini limeharibika, halitibiki. Akanikataza nisikwambie. Nina hasira, Kaka, na sijui nimkasirikie nani.

Leo tumenunua ndogo, yenye mpini mrefu. Nimeinua pikipiki mwenyewe, naye akanigombeza kwamba nina pupa.

Njoo upesi. Akiuliza nani kakuita, nitamjibu mimi.

Mdogo wako,
Ragnhild