Kidole Bila Jina

Kwa Egwang, Moding,
Kaunti ya Busia,
12 Juni 2025.

Mpendwa Shangazi Amongin,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ulikozaliwa. U hali gani, na baridi ya Maralal inakuachia magoti yapumzike? Sisi ni wazima. Mvua imetunyeshea vizuri, mahindi yamefika kiunoni, na yule mbuzi wako mtundu bado anakula nguo za watu kwenye kamba.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelazimika kulitamka jina la dada yako, ambalo ndilo langu. Kwa sasa sitaki litamkwe ndani ya nyumba hii.

Unajua nilivyolelewa. Nilizaliwa mwaka mmoja baada ya dada yako Amoit kuzama katika mto Malaba. Ukachovya kidole kwenye ajon, ile pombe yetu ya wimbi, ukakitia mdomoni mwangu huku ukitaja majina ya marehemu, nami nikanyonya ulipolitaja lake. Tangu hapo Bibi akawa ananifuta miguu mlangoni kila jioni, hata kiangazi, akiniomba msamaha kwa kunituma maji mtoni siku ile, kana kwamba mimi ndiye Amoit yule. Nakumbuka nikiwa na miaka minne. Nilimsamehe kila siku kwa kosa nisilolijua.

Mwaka jana, kwenye duka la vitambaa ninakofanya kazi Busia, nikaanza kuitikia. Mteja kanyamaza, mimi nasema "Naam?" Sauti iliyoniita ilitoka nyuma ya majora ya nguo, sauti ya kike isiyo na haraka. Niliogopa, Shangazi, hadi nikaacha kuoga, nikawa najipangusa kwa kitambaa tu. Vivianne, mshauri nasaha wa hospitalini, alinisikiliza wiki tisa bila kunicheka. "Dada, hiyo huzuni ni ya nyanya yako na shangazi yako," akaniambia. "Walikubebesha ukiwa mdogo, ukadhani ni yako." Nililia mpaka nikaona aibu.

Sasa shika rozari yako, maana hili la pili litakushtua. Mama Kokila, mjane wa Kihindi mwenye duka, alinikuta nikiitikia. Akaniuliza tu, "Iko mtu anaita, sawa. Nani anasikia?" Nikasema ni mimi, Amoit. "Hapana. Amoit ni jina. Mwili pia ni nguo tu, itachakaa. Ule anasikia ni atma, roho yenyewe, na huyo hajawahi kuzama."

Akanifundisha kukaa kimya asubuhi kabla ya kufungua duka, na kila kinachonijia akilini nikiambie kuwa si mimi. Hofu, si mimi. Mto, si mimi. Siku moja likaja jina lenyewe, nikasema nalo si mimi. Karibu yangu mtu akashusha pumzi, kama aliyetua mzigo. Kiti cha pili kilikuwa kitupu. Tangu siku hiyo sijaitikia tena, na sasa naoga kama bata.

Nilidhani yameisha. Kumbe Mercyline, mke wa kaka yangu Egwang, alijifungua msichana Aprili. Kwa kuwa mama mtu alilazwa hospitalini muda mrefu, jina lilichelewa, na Jumamosi iliyopita nikaitwa mimi, shangazi wa mtoto, nikachovye kidole. Mama Amuge, jirani, hakuficha la moyoni. "Wewe ushazeeka na huyo marehemu," akaniambia. "Sasa mpatie huyu mdogo."

Nilitaja Asekenye, nikataja Atyang, nikataja wengine watatu. Mtoto amefunga mdomo. Wanawake wote wananikodolea macho, wanangoja lile moja. Nikanyamaza. Nikaacha kidole kwenye midomo yake bila jina lolote, na katika kimya kile mtoto akanyonya kwa nguvu.

"Umetaja nani?" Mama Amuge akauliza.

"Sikutaja mtu."

"Basi umeacha mlango wazi, aingie yeyote," akasema, na wakaondoka mmoja mmoja, chakula hawakukigusa.

Nisalimie sana mumeo Oduori na watoto wote, hasa Sharlyne, na umwambie picha zake za sare mpya zilifika. Mungu akutunze, akupe usingizi mtamu na miaka mingi.

Lakini kabla hujaiweka barua hii chini, Shangazi, tuchagulie jina. Liwe jipya kabisa, lisiwe la marehemu yeyote. Langu ulinipa kwa uchungu, na sikulaumu, maana alikuwa dada yako na ulimpenda. Huyu mpe lake kwa furaha, na ulitume haraka. Tangu Jumatatu, nyumba ikitulia mchana, mtoto anaacha kunyonya, anageuza kichwa taratibu kuelekea mlangoni, na anatabasamu. Mimi sisikii kitu. Yeye anasikia, na nataka sisi tuwe wa kwanza kumwita.

Mwana wa kaka yako, mwenye kukupenda sana,

Amoit