Makofi ya Ukumbini

Dada mpendwa,

Pokea salamu zangu za upendo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti lako limepoa, na watoto wanakusikiliza walau mara moja kwa siku. Mama naye hajambo? Mimi mwili haujambo. Moyo ndio umechafuka, ndiyo maana sikupiga simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na mama angetaka kujua kuna nini.

Nilikuambia chuo chetu cha afya kingepokea mkutano mkubwa wa kisayansi. Basi ulifika. Tulihangaika kama nyumba inayongoja posa. Vyoo vilivyoziba tangu mwaka jana vilizibuka ghafla, na wagonjwa wa kliniki ya taya, waliozoea kungoja kivulini mbele ya ukumbi, wakahamishiwa nyuma ya chumba cha kufulia. Nilipomuuliza mkuu wa idara kama hilo ni sawa, alinijibu kwamba wageni hawakupanda ndege kuja kutazama mashavu yaliyovimba. Na langoni wametundika kitambaa: "Utu wa Mgonjwa Kwanza." Nilikipita, nikatema mate pembeni.

Mimi nilipangiwa kuwaonyesha wageni viti. Ukumbi ulijaa manukato na sifa. Kila mtu alimkuna mwenzake mgongo. Kisha akapanda jukwaani profesa ninayemsaidia utafiti, yule aliyempasua mama. Wanafunzi humwita Bwana Tai kwa ajili ya tai zake za hariri, ingawa siku hizi mimi namfikiria yule ndege anayekula mizoga. Alizungumzia mataya aliyoyatengeneza, akaonyesha picha ya mwanamke kabla ya upasuaji. Ilijaa ukuta mzima: shavu limevimba, mdomo wazi, udenda unamtoka, macho hayakufichwa hata kidogo. Nyuma yangu mmoja alinong'ona kwamba linafanana na fenesi, wenzake wakacheka huku wanatafuna biskuti. Bwana Tai naye alitabasamu, akasema taya lile limemfungulia milango mingi.

Dada, mwanamke yule alikuwa mama.

Mama yetu, aliyekuwa akila peke yake chumbani mlango umefungwa, na aliyekuruhusu wewe tu umsafishe. Wewe ulikuwepo alipoambiwa kwamba picha ni ya faili lake, ili wajue pa kukata. Bwana Tai alisahau kwamba mimi ni mtoto wa mgonjwa huyo, au alikumbuka asijali. Sijui lipi linachukiza zaidi.

Nilijikuta nimesimama. Nikasema, wala sikupaza sauti, "Huyo ni mama yangu. Naomba uiondoe." Bwana Tai alinitazama, kisha akawageukia wageni, akasema tuishukuru familia hii kwa mchango wake kwa sayansi. Wakapiga makofi. Walinipigia makofi, dada, na mama bado yuko ukutani mdomo wazi. Nikaenda mbele nikachomoa waya wa projekta, nikatoka nje.

Kesho yake niliitwa. Ama niombe radhi kwa kuaibisha chuo, ama niache utafiti, na masomo yangu yaishie hapo. Sikuomba radhi, na sitaomba. Nilikwenda kwa kamati ya maadili. Wakasema mlalamikaji lazima awe mgonjwa mwenyewe.

Sasa nakuomba jambo zito. Picha ile imo pia kwenye kitabu cha mkutano, na kila mgeni ameondoka nacho. Sitaki mama asikie habari hizi kwa watu baki. Kaa naye asubuhi, akiwa ametulia, umweleze yote, hata kile kicheko. Akitaka kulalamika, nitakuja kumchukua. Akisema tunyamaze, nitanyamaza, ijapokuwa kwa shingo upande. Najua utatamani kumficha ili asiumie, nami nilitamani. Lakini wale waliamua bila yeye, nasi tukifanya hivyo tutakuwa tumekaa nao ukumbini.

Wabusu watoto, na shemeji mpe salamu zangu. Nangoja neno la mama.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kitindamimba