Kadi Fupi

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Kompyuta yako usiiwashe, nimeifungua ubavu. Mama yako akiuliza vumbi la chuma sebuleni, ni langu, nitafagia.

Asubuhi niliifunga ile kadi mpya ya picha ndani ya kompyuta nikauwasha mchezo wako, ili nikuonyeshe ~~ubishi wako~~ kwamba niliyochagua mimi inatosha. Jana dukani ulisema umeuongezea mchezo mambo mengi mno, unahitaji ile kadi ndefu yenye memori kubwa. Nikakukatiza: haitaingia kwenye kasha la kompyuta, mimi nachomelea mageti, vipimo navijua. Nikaongeza, mchagua jembe si mkulima. Muuzaji akacheka, wewe ukainamisha kichwa. Tukabeba hii fupi.

Basi leo kwenye skrini miti ikaja bila majani, kuta zikaja nusunusu, kila hatua inakwama. Kisha nikaona mlango wa bluu wenye kitasa kilicholegea. Chumba cha bibi yako! Umekijenga chote, mpaka cherehani, mpaka kiti chenye mguu uliofungwa waya. Waya ule niliufunga mimi. Nikasogea niingie, skrini ikaganda.

Na mimi kila siku nasema unacheza vitu vya kitoto.

Nimekata kichuma kilichokuwa kinazuia ndani ya kasha. Ile ndefu sasa inaingia. Jioni twende tukabadilishe. Utaongea wewe, mimi nitashika mfuko.

Ikishakaa sawa, niite. Tangu tumzike mama yangu sijaweza kuingia chumbani kwake.

Baba