Mtoto wa Kwenye Pakiti

Jumatatu, 4 Machi

Pakiti mpya za unga wa uji zimefika. Na mwanangu yumo juu ya kila moja! Anacheka, kijiko mkononi, jino moja limechungulia. Nimezipanga kwenye rafu polepole, zote zikitazama mlangoni. Mwalimu mstaafu, mteja wetu wa kila wiki, akauliza: ndiye huyu uliyembeba? Nikageuka nimpe mgongo amwone vizuri. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Wifi yangu yuko kaunta. Siku hizi hamwiti mtoto jina lake, anamwita Chapa. "Chapa, usilambe mizani, wewe ni mali ya kampuni!" Tukacheka.

Vipele vya kidevuni havionekani pichani. Mpiga picha alivifuta kwenye kompyuta. Mtoto mwenyewe bado anavyo.

Jumamosi ya wiki ijayo tunafungua duka la nne. Mama mkwe alianza na meza moja ya unga nje ya nyumba – mahindi, mtama, soya, karanga. Hakuna dawa, hakuna rangi. Tangu duka la kwanza ana sharti lake: hakiuzwi kitu mpaka mtoto mdogo kuliko wote katika ukoo ale kijiko cha kwanza cha uji mbele ya wateja. Tunachouza ndicho tunachokula. Cha duka la kwanza alikula mume wangu, akiwa wa kutambaa. Safari hii ni zamu ya wangu. Nimemtolea lile shati la njano la kwenye picha.

Jumatano, 6 Machi

Mdomo wa juu wa mtoto umevimba tena. Mara tu baada ya uji. Jana hivyo hivyo, nikajitia sijaona.

Nimemwambia mama mkwe. Nilizunguka kwanza, nikauliza hali ya mgongo wake, ndipo nikasema: mama, naona kama uji unamkataa. Hakukasirika. Alimchukua, akampapasa ufizi. "Meno hayo, mwanangu. Baba yake nimemlea kwa uji huuhuu, mtazame sasa, mlango haumtoshi." Karanga, akasema, amezichambua kwa mkono wake, hakuna hata moja iliyooza. Ni kweli. Nilikuwa naye kwenye ungo. Karanga safi kabisa.

Basi labda ni meno.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya pili simpi. Uji wake nakunywa mimi, harakaharaka, nikiwa nimewapa mgongo. Yeye namponda viazi na parachichi. Kidevu kimerudi kuwa kidevu! Amelala bila kujikuna. Nimemwangalia nikaogopa kufurahi.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika nimempakata, nahesabu pumzi zake.

Nilikuwa nampimia mteja dengu. Mama mkwe akamchukua mtoto ofisini kwake – bibi na mjukuu, nani wa kukataza? Nikasikia kikohozi. Si kikohozi – mluzi. Nikakimbia, dengu zote chini. Bakuli la uji mezani. Macho yamezibwa na uvimbe, midomo si yake, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta hewa. Mama mkwe alishamnyakua, huyo, anakimbia naye zahanati ya jirani bila viatu, anamwita Mungu kwa sauti. Mimi nyuma. Mume wangu akatufuata na gari la mizigo.

Wakamchoma sindano ya paja. Akalia. Sijapata kusikia kitu kitamu kama kilio kile.

Nesi akauliza alikula nini. Akasema: nadhani ni karanga, ana aleji, wapo watoto wa hivyo. Msimpe tena, hata ya kulamba. Safari nyingine koo linaweza kuziba kabla hamjafika. Mpelekeni hospitali kubwa akapimwe. Mume wangu alikuwepo. Amesikia kama nilivyosikia mimi.

Mama mkwe alikuwa nje kwenye benchi, analia, nyayo zinatoka damu.

Jumapili, 10 Machi

Kumbe ni sabuni! Ndivyo ilivyoamuliwa mezani. Wifi kaikuta nyuma ya ndoo, sabuni ya unga, niliinunua duka la kawaida kwa sababu hii yetu ya mche haitoi madoa ya nepi. Mama mkwe akainusa, akafumba macho. "Mwanangu, umemvika mtoto kemikali." Kwa upole. Afadhali angenipiga.

Nikajaribu: lakini nesi... "Nesi kasema anadhani. Mimi nimelea." Kitu cha shambani, akasema, hakijawahi kumdhuru mtoto wa nyumba hii.

Nilimtazama mume wangu. Yeye akaitazama sahani yake.

Jumatano, 13 Machi

Mtoto mzima kabisa. Anatambaa mpaka chini ya rafu, anatoka na utando wa buibui kichwani kama bwana harusi. Na kila anayemwona: unaona, ilikuwa sabuni! Mimi ndiye ninayemnyima uji kwa siri, lakini sabuni ndiyo iliyotiwa hatiani. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Nimemwambia mume wangu yote tukipakia magunia. "Ngoja Jumamosi ipite," kasema. "Kijiko kimoja tu." Kimoja tu! Nikamuuliza ofisini kwa mama alikula vingapi. Akafunga mdomo wa gunia. Kisha: "Yule ni mama yangu." Na huyu ni nani yako?

Halafu nikapata wazo! Jumamosi nimpikie mimi uji, usio na karanga, rangi ile ile, nani atajua? Nikamwendea mama mkwe mbiombio, nimefurahi kabisa. Alinitazama kama nimemtukania wazazi. "Nimlishe mjukuu wangu kingine, niwauzie watoto wa wenzangu kingine? Mwanangu, duka hili halijawahi kusema uongo."

Ana haki. Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni – ana haki!

Basi tuandike kwenye pakiti, nikasema, kwamba wapo watoto wasioweza karanga. "Tuandike wapi? Juu ya uso wa mjukuu wangu?"

Na zinauzwa. Leo mama mmoja kijana, mtoto begani, kaniambia: nipe ile ya mtoto anayecheka. Nikampa. Nikamfuata mpaka nje nikamwambia aanze na kidogo sana, amtazame midomo. Akaniangalia kama nina wazimu.

Alhamisi, 14 Machi

Nimempigia mama yangu mzazi. Nilijua ataniambia nivumilie, ndiyo dawa yake ya kila ugonjwa. Lakini akasema: mume anavumiliwa, mkwe anavumiliwa. Pumzi ya mtoto haivumiliwi.

Labda mume wangu atasema na mama yake kesho. Leo alikuwa na uso wa mtu anayetaka kusema. Nina imani naye. Si mtu mbaya.

Jumamosi, 16 Machi

Hakusema.

Naandikia ndani ya stoo ya duka jipya, nimekalia gunia la mtama. Waliniambia nimvalishe lile shati nitoke naye. Nimemvalisha. Sijatoka. Nimetia komeo.

Nje watu wamejaa. Namsikia mama mkwe anasimulia meza yake ya unga, sauti inakatika kwa furaha. Makofi. Harufu ya uji inapita chini ya mlango. Mtoto ameinusa, ameacha kuchezea kopo, anatambaa kuifuata. Anaupenda! Hilo sijawahi kuliandika – anaupenda sana uji ule. Nimemrudisha mapajani, analia.

Wifi kagonga. "Wifi, toka bwana, unatutia aibu!" Kisha kwa sauti kubwa, wateja wasikie: "Chapa kachafua nepi, jamani, mtuvumilie!" Kicheko nje.

Nimesema: sifungui mpaka mama awaambie watu mtoto huyu hali karanga. Sijui kama sauti ilinitoka.

Amekuja mwenyewe. "Mwanangu, una nini? Umechoka? Fungua, nimshike mimi." Hakuna hasira hata chembe. Angekuwa na hasira ningejua la kufanya. Nimeuma kitambaa cha mtoto nisijibu, maana nikimjibu nitafungua. Ameondoka taratibu. Makofi yamekwisha. Watu wananong'ona.

Sasa ni hatua nzito. Mume wangu. "Mama mtoto, ni mimi. Niko peke yangu. Fungua."

Nimeshika komeo. Nimemuuliza: mkononi una nini?

Nasikia kijiko kinatetemeka ndani ya bakuli.